Mstari wa GPS umenipitisha ziwani: kifaa kibovu?

SWALI: Kaka, salamu. Nimenunua kifaa cha GPS cha mkononi kwa safari za pikipiki ya theluji. Juzi wakati wa kurudi nilichagua alama ya kibanda tulikoanzia, mstari ukakatisha katikati ya ziwa lililoganda, ilhali tulikuja kwa kuzunguka msituni. Tulipita msituni tena. Isitoshe, tukisimama mshale huzunguka ovyo, na betri mpya ziliisha kabla ya jioni. Mwenzangu anasema nikirudishe dukani. Wewe unaonaje?

JIBU: Usikirudishe, ndugu yangu, kifaa chako ni kizima. Nimefurahi sana kwamba hamkuufuata ule mstari, na nitaanza na hilo maana kuufuata ndiko kunakoua watu.

Ulipochagua alama ya kibanda, kifaa kilipima uelekeo na umbali kutoka uliposimama hadi kule, basi. Mstari ulionyooka hauulizi kama katikati pana ziwa, korongo au uzio wa nyaya. Wala hakuna setilaiti inayokuambia barafu ina unene gani leo. Barafu huwa nyembamba pale mto unapoingia au kutoka ziwani, na hata chini ya theluji nene, kwa sababu theluji huifunika kama blanketi na baridi ikachelewa kuifikia. Ukiona ramani imechora njia juu ya ziwa, elewa kwamba watu hupita hapo barafu ikishakomaa. Kama imekomaa au la, waulize wanaoitunza njia hiyo kabla hujaondoka.

Ulichokihitaji jioni ile ni kurekodi safari. Kabla ya kuondoka simama mahali peupe, ngoja kifaa kipate setilaiti zisizopungua nne, kisha washa kurekodi. Kutoka hapo kitaacha nukta kila unakopita, na ukitaka kurudi utakiamuru kikuongoze juu ya nukta hizo hizo, kinyumenyume. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kubeba GPS. Mengine yote ni nyongeza. Theluji ikifuta alama za pikipiki zenu, au weupe ukatanda hadi usitofautishe ardhi na mbingu, bado unajua mlipita wapi. Penye anga wazi kosa lake huwa mita 5 hivi. Chini ya miti iliyoelemewa na theluji, au bondeni kati ya kuta za miamba, kosa huongezeka, kwa hiyo usishangae mstari ukionekana kando kidogo ya njia.

Kagua pia ramani iliyomo. Vifaa vingi huja na ramani ya barabara za magari tu. Tafuta ya njia za pikipiki za theluji, na iwe ya msimu huu, kwani njia nyingi hukatiza mashamba ya watu kwa ruhusa yao. Mwenye shamba akibadili nia, njia huhamishwa. Kibao cha njiani kikipingana na ramani, fuata kibao.

Mshale wako unazunguka kwa sababu GPS hujua unakoelekea kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa. Ukisimama, hakuna cha kulinganisha. Kama kina dira ya ndani, sogea mbali na pikipiki, maana chuma na injini huivuruga, kisha uirekebishe kama kijitabu kinavyoelekeza.

Betri nazo zimeuawa na baridi. Zile za kawaida za alkali hudhoofika haraka kwenye jalidi. Nunua za lithiamu zisizochajiwa, ambazo hutengenezwa kuhimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, uweke akiba kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili. Usisahau kukiambia kifaa, kwenye mipangilio yake, umetia betri za aina gani, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Na tafadhali, usiisome skrini ukiwa mwendoni. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Simama pembeni, mahali wanaokuja nyuma watakuona, ndipo usome.

SWALI: Nina simu tu. Huko msituni hakuna mtandao. GPS yake itafanya kazi? Na nikipata ajali, nitawaelezaje waokoaji nilipo?

JIBU: Itafanya kazi, kwani hupokea kutoka setilaitini moja kwa moja. Kinachokosekana ni ramani, hivyo ipakue ukiwa bado na mtandao. Simu ikae ndani ya koti. Ikiachwa kwenye usukani baridi huizima hata ikiwa na chaji. Lakini penye kukosa mtandao huwezi kuita msaada kwa simu ya kawaida, kwa hiyo beba kifaa cha dharura kinachotuma ujumbe kwa setilaiti.

Ukiwapata waokoaji kwa sauti, wasomee latitudo na longitudo na uwaambie zimeandikwa kwa mtindo gani. Latitudo ya nyuzi 46 na dakika 30.5 (dakika hapa ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi, si ya saa) si sawa na nyuzi 46.305, anayechanganya hizo mbili atakutafuta zaidi ya kilomita 22 mbali nawe. Soma polepole, tarakimu moja moja, kisha mwombe anayekusikiliza azirudie zote.