Unataka kusoma Italia? Anza na mapato ya mzee wako

Kila nikirudi Malindi likizo, hakosi kijana wa kunivuta kando aniulize habari za Italia. Swali huwa lile lile: "Kazi ziko?" Nami huuliza langu: mzee wako anaweza kuonyesha kwa karatasi alipata kiasi gani mwaka juzi? Wengi hudhani nawakwepa.

Siwakwepi. Katika vyuo vikuu vya serikali vya Italia, ada hupimwa kwa mapato ya familia, na karibu kila mkoa una shirika lake la kusaidia wanafunzi. Piemonte wana EDISU, Toscana wana DSU, Bologna na jirani zake wana ER.GO. Ukipata ufadhili wao, ada inafutwa, unapewa pesa za kujikimu, chakula cha kantini, na ukibahatika kitanda bwenini. Mgeni huomba kwa masharti yale yale ya Mtaliano, na mwaka wa kwanza kinachoangaliwa zaidi ni hali ya nyumbani kwenu. Ndiyo maana kwa mtoto wa mvuvi naiweka Italia mbele ya Ujerumani, ambako unatakiwa uonyeshe karibu euro 12,000 zimefungiwa benki kabla hujapata viza.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha huo umaskini. Wanataka mapato ya mwaka mzima ya kila mtu wa nyumbani, na si ya mwaka huu, ni ya mwaka wa pili nyuma. Wanataka salio la benki lilivyokuwa tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Wanataka pia ukubwa wa nyumba kwa mita mraba, kwa sababu vyuo vingi huhesabu nyumba iliyo nje ya Italia kwa euro 500 kila mita. Ya makuti na ya ghorofa, bei moja! Basi usikisie. Sisi tuliazima futi ya fundi, tukapima chumba kwa chumba, mama akisisitiza jiko la uani lisihesabiwe kwa kuwa halina hata mlango.

Baba yangu hajawahi kuona karatasi ya mshahara. Samaki wake hupimwa bandarini na kuandikwa kwenye daftari la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, basi tukaanzia hapo. Tukaongeza barua ya chifu, ritani za KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), na hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili. Mama anauza mahamri na viazi karai, naye akaapa ya kwake. Baba alinuna: "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza napata nini, leo Wataliano ndio wanataka kujua?" Mzee wa namna hiyo usimharakishe. Mweleze taratibu, tena jioni akishakula.

Baada ya hapo hati hutafsiriwa kwa Kiitaliano na kuhalalishwa kupitia ubalozi wa Italia, Nairobi. Hesabu basi la usiku, malazi, mihuri, na kurudishwa kwa sababu jina la kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwetu hilo ni la kawaida: huku Mohamed, kule Muhammad. Lirekebishe mapema, maana dirisha la ufadhili hufungwa wakati bado unahangaikia viza.

Viza yenyewe haina siri. Unajiandikisha kwenye tovuti ya Universitaly, chuo kinakuthibitisha, kisha unapeleka faili lako. Italia hutaka miaka 12 ya shule, na 8-4-4 yetu, minane ya msingi na minne ya sekondari, inatimiza hiyo. Utaonyesha mahali pa kulala, bima, na uwezo wa karibu euro 7,000 kwa mwaka. Hapa ndipo vijana wetu humtaja "rafiki wa Kiitaliano" anayekuja ufukwe wa Casuarina, Malindi, kila Desemba. Wapo wema kweli, nami sisemi vibaya. Ila ahadi ya ufukweni haiingii kwenye faili. Uliza kwanza ubalozi kama wanamkubali mdhamini asiye mzazi, kisha aandike, asaini, aambatanishe kitambulisho chake na taarifa ya benki. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu. Wakala anayekudai laki moja kukujazia fomu za Universitaly mpite tu, kujiandikisha pale ni bure.

Ukifika, una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa. Fomu zinachukuliwa posta, na ukijumlisha malipo yote zinakutoka euro zaidi ya 100. Pesa za ufadhili hazikungoji uwanja wa ndege. Awamu ya kwanza huja mwisho wa mwaka, kwa hiyo beba cha kukufikisha Desemba.

Sasa hizo kazi. Kibali cha masomo kinakuruhusu saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Kiitaliano cha Malindi, kile cha hotelini na ufukweni, hakitakufaulisha mtihani wa sheria au uhandisi, lakini kwenye mkahawa kinakupa kazi kabla ya wenzako waliokuja na Kiingereza kitupu. Kubali ile yenye mkataba. Kuanzia mwaka wa pili vyuo navyo hutoa kazi ndogondogo za maktaba na ofisini, maarufu kama "150 ore", yaani saa 150. Hizo ndizo nilizozipenda, kwa kuwa bosi wako anajua una mtihani. Saa zikikulemea, kumbuka kwamba ufadhili wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hudai krediti 20, yaani alama za masomo uliyofaulu, na kibali hakihuishwi bila angalau mtihani mmoja uliofaulu mwaka wa kwanza, na miwili kila mwaka unaofuata. Nimeona mtu akiosha sahani mpaka akapoteza kitanda.

Ukimaliza shahada, omba kibali cha kutafuta kazi kabla cha masomo hakijaisha. Kinaweza kufika miezi 12. Na tangu 2023, kugeuza kibali cha masomo kuwa cha kazi hakusubiri tena ile migao ya kila mwaka ya wafanyakazi wa kigeni: ukipata mwajiri na mkataba, unaomba wakati wowote.