Mkuu wa VX ya 1999, usilipe hiyo dashibodi: waya zimekatwa

Usilipe. Hata hiyo laki mbili ya kushikia mzigo usiitume. Nimeifungua picha yako ya tatu nikaikuza mpaka ikaanza kufifia, na pale chini upande wa dereva nimeona kitu ninachokijua vizuri sana: shada la waya limekatwa kwa plaizi. Rangi zote zipo, plagi hakuna hata moja.

Kwa wanaopita tu: mwenzetu ana Land Cruiser 100, VX ya dizeli ya mwaka 1999. Amepata dashibodi ya gari la 2005 kwa shilingi 1,900,000, anauliza kama bei ni halali, kama viti vya gari hilo navyo vitaingia, redio ya skrini afunge ipi, na fundi atamaliza kwa siku ngapi. Watu watatu wameshamjibu kwamba inaingia bila shida, bodi ni moja. Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Yalinigharimu zaidi ya milioni sita na usiku mmoja kwenye mlima wa Kitonga ambao mke wangu mpaka leo hataki uzungumzwe mezani.

Bodi ni moja, hilo kweli. Gari hizi zilianza kutoka 1998 zikaishia 2007, na katikati hapo, mwaka 2002, Toyota wakabadilisha ndani: dashibodi nyingine, geji nyingine (kile kibao cha mishale na taa mbele ya dereva), usukani mwingine, na otomatiki ya gia nne ikawa ya gia tano. Bati lenyewe halikubadilika, kwa hiyo plastiki inakaa. Kwangu ilikaa kwa kurekebisha mabano mawili tu. Ndiyo maana kila mtu anakwambia inaingia, maana anaangalia plastiki. Lakini nyuma ya ile plastiki ndipo zinapokutana waya za injini, za milango, za taa, za gia, za eabegi (mfuko wa hewa unaofumka gari likigonga), na kila moja ina mahali pake pa kwenda.

Langu ni Land Cruiser 100 kama lako, la dizeli (HDJ101, injini ya 1HD-FTE), niliagiza Japani. Mwaka 2019 nikaona gari la jamaa lenye ndani mpya nikakosa usingizi. Nikapata dashibodi kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa 1,600,000, safi, haina ufa, na shada la waya limekatwa kama hilo lako. Nikamuuliza muuzaji mbona zimekatwa. Akasema zote huja hivyo, fundi ataunga rangi kwa rangi. Nikampigia fundi niliyeelekezwa na rafiki, naye akasema vilevile: bosi, Toyota ni Toyota, rangi kwa rangi.

Rangi kwa rangi! Nikilikumbuka neno hilo damu inachemka, kwa sababu yule hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye gereji na vijana wanne chini yake, alijua hajui, na akachukua laki saba yangu. Sikiliza mkuu. Kwenye Toyota karibu rangi moja tu unaweza kuiamini kila mahali, nyeupe yenye mstari mweusi, hiyo ni ya ardhi. Hizo nyingine zinarudiwa. Nyekundu yenye mstari wa njano kwenye gari lako inaweza kuwa ya kazi moja, kwenye gari la 2005 ikawa ya kazi nyingine kabisa, na ndani ya shada hilohilo zikawepo mbili zenye kazi mbili. Plagi ndiyo inayokwambia waya upo tundu namba ngapi. Ukishaikata plagi umechana ramani.

Na kuna hili la dizeli na petroli, ambalo hakuna aliyekuuliza. Dashibodi yangu ilitoka kwenye gari la petroli la lita 4.7. Geji ya petroli haina taa ya hita ya kuwashia injini. Haina taa ya T-BELT inayokukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Haina taa ya maji kwenye chujio la dizeli. Mshale wa mizunguko nao unangoja ishara tofauti. Kwa hiyo nikawa naendesha gari zuri ndani, lenye mwanga wa kupendeza usiku, lakini taa zote za kunionya kuhusu injini yangu hazimo.

Fundi aliunga waya sitini na kitu kwa kusokota na tepu nyeusi, bila kulehemu hata moja. Ardhi zote akazikusanya kwenye bolti moja iliyopakwa rangi. Fyuzi moja ikawa inakatika, akatoa ya ampea 15 akaweka ya ampea 30, akaniambia hiyo haitakatika tena. Hilo alisema kweli, fyuzi haikukatika. Kilichoungua ni waya.

Tulikuwa tunakwenda Iringa msibani. Mimi, mke wangu, watoto wawili nyuma. Tumeshapita Ruaha Mbuyuni, tunaupanda Kitonga, saa mbili na nusu usiku, mbele yetu semi inajikokota. Mke wangu akauliza nani kabeba dagaa. Hakuna aliyebeba dagaa. Ile harufu ya samaki ilikuwa plastiki ya waya inaungua nyuma ya usukani. Mara geji ikapepesa, na kabla sijaondoa mguu kwenye mafuta, taa zote zikazima, za mbele na za nyuma. Relei za taa zipo mbele kwenye boneti na zilikuwa nzima, lakini swichi inayoziamrisha ipo usukanini, na waya wake ulikuwa umeshayeyuka. Taa za hazadi nazo kimya, maana fundi hakuwahi kuziunga. Kona za Kitonga unazijua. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori yanateremka yakipumua breki.

Nikajisogeza mwambani mpaka kioo cha pembeni kikakwaruza. Watoto wakatoka na tochi za simu kumulika nyuma. Utingo wa lori lililofuata, Mungu ambariki alipo, aliruka akakata matawi akayapanga barabarani mita kadhaa nyuma yetu, kisha akasimama pale na taulo mkononi akipungia magari kwa zaidi ya nusu saa. Kuvutwa mpaka Iringa mjini, 350,000. Msibani tulifika marehemu ameshazikwa.

Fundi wa pili nilimpata Tabata, hukohuko Dar, mzee wa umeme tu, hagusi injini. Alipofungua, alichomoa kiungo kimoja akaniwekea kiganjani. Waya mbili zimesokotwa, shaba imegeuka kahawia, tepu imeyeyuka ikawa kama ulimbo, na vidole vyangu vikanata. Akaniambia, "Mwanangu, hapa ndipo ulipokuwa unalala na watoto." Sikuwa na la kujibu.

Halafu akanionyesha kilichoniuma kuliko moto. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inatakiwa iwake kama sekunde sita, kisha izime yenyewe. Yangu ilibaki inawaka mpaka injini iwashwe, ndipo ikazima. Yaani fundi wa kwanza alikuwa ameiunganisha na taa ya oili, ili ionekane inafanya kazi. Kontroli boksi ya eabegi haikuunganishwa na kitu chochote. Na mbele ya kiti cha abiria, chini ya kile kifuniko kizuri chenye maandishi ya SRS, kulikuwa na pango. Eabegi yenyewe haimo. Mke wangu alikaa mbele ya pango hilo miezi mitano. Sijui moyo wa mtu anayeweza kufanya kazi hiyo, akafunga skrubu, akapokea hela na kukupa mkono.

Nakuomba, kila anayesoma hapa aliyewahi kubadilishiwa dashibodi au usukani, ashuke sasa hivi akafanye jaribio hilo la sekunde sita. Na usikubali fundi aguse plagi za njano kwa taa ya testa au mita ya kupima ohmu, hizo ni za eabegi na zinaweza kulipuka usoni kwake. Toyota wenyewe wanataka uchomoe betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzigusa. Yule wangu wa kwanza alizipima na betri ikiwa imefungwa, nikiwa nimesimama palepale nakunywa soda.

Sasa sikiliza mzee wa Tabata alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo nilipoipata sheria yangu. Alikataa kuigusa ile dashibodi niliyonunua. Akasema niletee nyingine, ya dizeli, yenye shada lake zima mpaka plagi ya mwisho, na vikasha vyake vyote vya umeme kutoka gari hilohilo. Ikanichukua wiki saba kuipata, 2,300,000, na nilipoipata nilikwenda na tochi nikazihesabu plagi mojamoja. Halafu akachukua kaunta buku, akachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto plagi za gari langu, namba ya kila tundu na kazi yake, kulia plagi za dashibodi mpya. Kwa ramani za umeme za magari yote mawili, siyo kwa kukisia. Kurasa kumi na moja. Kisha akatengeneza daraja: kipande cha waya chenye plagi ya aina moja huku na ya aina nyingine kule, kila kiungo kimelehemiwa na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Geji aliiwasha kwanza mezani kwa betri, kabla haijaingia garini. Mishale ikapanda, taa ya T-BELT ikawaka ikazima. Ndipo akasema haya, tufunge.

Kwenye gari langu hakukata waya hata mmoja zaidi ya zile alizozikuta zimeshachinjwa, na hizo alizirudishia plagi zake kutoka kwenye gari lililokufa. Leo nikitaka, nachomoa daraja, narudisha dashibodi ya zamani jioni moja. Kazi yake ilikuwa 1,200,000. Fundi wa kwanza nilimlipa 700,000, nikamuona nafuu.

Kwa hiyo nakwambia na nitarudia: usinunue dashibodi ambayo waya zake zimekatwa. Usinunue kwa milioni mbili, usinunue kwa laki tatu, usichukue hata ukipewa bure. Na fundi atakayekwambia anataka kukata za gari lako, mwambie asante, ondoka na funguo zako. Plagi kwa plagi. Najua atatokea mtu hapa chini aseme lake liliungwa rangi kwa rangi na linatembea mwaka wa tatu. Langu nalo lilitembea, miezi mitano. Ninazo zile waya zilizoungua kwenye mfuko wa rambo stoo, anayetaka kuziona aje.

Kuhusu hafukati, kwa kuwa umesema muuzaji anadai imetoka kwenye hafukati ya Japani: gari likikatwa nusu, msumeno unapita nyuma ya viti vya mbele, kwa hiyo waya zinazokwenda nyuma lazima zikatwe, hilo halikwepeki na si kosa la mtu. Lakini shada la ndani ya dashibodi halina sababu ya kukatwa. Anayelikata ni mtu aliyekuwa na haraka ya kushusha mzigo, ambaye hakutaka kulala chini dakika arobaini kuchomoa plagi. Umlipe kwa uvivu huo?

Viti: vya nyuma havina tatizo. Vya mbele vyenye umeme na eabegi ya pembeni vina plagi zao za njano, kwa hiyo rudi kwenye nilichosema juu. Na usidanganyike na picha za kutoka Dubai au Muskati. Binamu yangu alinitumia za ndani ya gari safi kabisa kutoka Muskati, karibu nilipe, mpaka nilipotazama usukani. Kule usukani upo kushoto. Dashibodi yake haikufai hata robo, na kiti cha dereva swichi zake zitakuwa zimebanwa katikati ya gari.

Jambo jingine, kabla hujavua geji ya zamani ipige picha ikionyesha kilomita. Mpya itakuja na namba za gari jingine. Yangu ilisoma 212,000 wakati gari lilikuwa na 148,000, na siku ya kuuza mnunuzi atataka maelezo.

Sasa fanya hivi leo, kabla hajafunga duka. Mpigie huyo muuzaji, usimwambie lolote kuhusu uzi huu. Mwambie akupigie picha mbili: ncha za shada la waya upande wa dereva na ncha upande wa abiria, karibu kiasi cha kuona matundu ya plagi. Na ya tatu, kifuniko cha eabegi ya abiria kikiwa kimefunguliwa. Akikwambia hana muda, au akikuletea picha ya mbele tu ile inayong'aa, niandikie hapa. Namba ya mzee wa Tabata nitakupa kwa ujumbe wa siri, na Jumamosi nipo, nitakwenda nawe kutafuta nyingine.