Gundi, majipu na shetani niliyemsingizia

Juzi kijana mmoja kaniandikia. Yeye na wenzake wanashuti filamu ya Yusufu; kamera imeibwa katikati ya kazi, na aliyekuwa anaigiza Potifa kaondoka bila kuaga. Swali lake fupi: "Kaka, ni Mungu anatukataza au ni shetani anatupiga vita?" Nimekaa siku mbili bila kumjibu, maana swali hilo nami nimelala nalo sana.

Yetu ilikuwa filamu ya Ayubu. Ndiyo, filamu ya kwanza, na nikaanza na Ayubu! Watu wazima walinionya nikacheka.

Siku ya tatu tukafika sura ya pili: majipu, majivu na kigae cha kujikunia. Majipu tuliyafinyanga kwa pamba na gundi, tukayabandika toka nyuma ya masikio mpaka kifuani. Kufika saa sita mchana mwigizaji wetu anajikuna mpaka machozi yanamlenga, na mimi nyuma ya kamera nanong'ona, "Hapohapo, usiache." Nilidhani kipaji kimeshuka. Tulipoyabandua, shingo nzima ilikuwa imevimba, nyekundu, na nyuma ya sikio la kushoto panatoka maji. Tulisimamisha kazi siku tisa.

Siku hizo ndizo zilizotumaliza. Mfadhili wetu, mzee niliyemheshimu, akasema mkono wa Bwana haumo katika kazi hii, akajitoa. Simu zangu hakupokea tena. Hata siku ya kuonyesha filamu nilimwekea kiti cha mbele, hakuja. (Nimeshamsamehe. Karibu.)

Baadaye nikaitwa kutoa ushuhuda. Nikasema adui aliinuka dhidi ya filamu, akampiga mtumishi wa Mungu kwa majipu ya kweli kama Ayubu mwenyewe. Watu wakaitikia amina, wengine wamesimama. Safu ya tatu alikaa dada yetu wa mapodozi, mikono kapakata, ananitazama tu. Yeye alikuwa ameniambia jioni ya siku ya pili: gundi hii tuijaribu kwanza mkononi mwake, tusubiri mpaka kesho. Nikamjibu, "Hiyo kesho tutaitoa wapi?"

Basi shetani wa watu nikawa nimemsingizia.

Lakini si yote yalikuwa uzembe wangu. Wakati wa kuhariri, diski moja ilikufa na hotuba zote za marafiki wa Ayubu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Nakala tulikuwa nayo, nayo ikagoma kufunguka. Kilichosalia ni ile picha ndefu ya marafiki wameketi chini na Ayubu, siku saba mchana na usiku, hakuna anayesema neno. Nililia. Kisha nikaitazama tena, na tena, nikaona ndipo mahali pekee ambapo wale watu walimfaa rafiki yao. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea. Filamu ikabaki na ukimya ule, na hadi leo ndiyo sehemu watu wanayonisimamishia njiani kuizungumzia.

Je, Mungu ndiye aliyeiua diski? Sisemi. Nilishasema mengi siku ile ya ushuhuda.

Mwaka 1928 Carl Theodor Dreyer, mwongozaji wa Denmark, alitoa filamu ya mateso ya Joan wa Arc, yule msichana wa Ufaransa aliyehukumiwa kuchomwa moto. Negativu yake, yaani ule mkanda wa asili unaotolewa kopi, ikateketea kwa moto Berlin mwaka huohuo. Akajikongoja akaunganisha upya kwa vipande alivyokuwa ameviacha kando. Alifariki 1968 akijua kazi yake ya awali imepotea. Mwaka 1981 kopi yake ikapatikana Norway, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mzee hakuambiwa. Wala Ayubu hakuambiwa: yale mazungumzo ya mbinguni ya sura ya kwanza tunayasoma sisi, yeye hakuyasikia kamwe. Alichopata ni kuulizwa, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?"

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiharakishe kuipa dhiki yako jina. Mnaoigiza habari za Mungu mnapenda kila balbu ikiungua iwe unabii. Acheni! Ombeni, ndiyo, fungeni ikibidi, lakini chajini betri. Wekeni nakala tatu, moja isilale nyumba moja na nyingine. Gundi jaribuni kwanza. Anayekuonya msikilize hata kama si mchungaji. Na yule Potifa mtafute, si kwa kumhubiria. Muulize alikula nini siku mlizomweka juani tangu alfajiri.

Halafu niandikie tena, uniambie: usiku kamera ilipoibwa, zamu ilikuwa ya nani?