Mpira uliopenya kibao: kwa mwanafunzi anayekwama kwenye kazi za kutengeneza gemu

Ndugu, umesema kwamba mihadhara ya kozi yako ya kutengeneza gemu unaielewa, lakini ukikaa kuandika programu ya kazi uliyopewa unakwama, na kwamba sasa umeshindwa kabisa na adui anayemfukuza mchezaji vizuri kisha, akishamfikia, anaanza kutetemeka. Umeuliza kama uache kozi. Mimi nilikaribia kuiacha kwa sababu ya mpira mmoja, kwa hiyo nitakujibu kwa habari ya mpira huo.

Kazi yetu ya tatu ilikuwa kuunda mchezo wa mpira na vibao viwili vya kuugonga, wa aina ya gemu ya Pong ya mwaka 1972. Nilitazama video ya mafunzo, nikanakili mstari kwa mstari, na mpira ukadunda bila shida. Masharti ya kazi, hata hivyo, yalitaka mpira uongezeke kasi kila unapogongwa, jambo ambalo video haikuligusa. Nilipoongeza kasi, mpira ukaanza kupenya kibao kana kwamba hakipo, tena si kila mara. Nilikesha siku mbili nikibadilisha alama za kujumlisha na kutoa kwa kubahatisha, na kila badiliko liliharibu kitu kingine.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wa mwaka wa juu, ambaye hata hakuugusa msimbo wangu. Aliniambia nichapishe nafasi ya mpira katika kila fremu (picha moja kati ya nyingi ambazo gemu huchora kila sekunde), kisha nisome namba badala ya kukodolea macho mchezo. Kibao kilianzia pikseli (nukta ya skrini) ya 400 na kuishia 410. Mpira ulikuwa na upana wa pikseli 4. Namba zilizotoka ni 372, 392, 412. Nilizitazama kwa muda mrefu kabla ya kung'amua kwamba mpira haukuwahi kukigusa kibao hata mara moja. Kasi yake ilikuwa imefika pikseli 1,200 kwa sekunde, na kwa kuwa gemu ilikwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu iliusogeza pikseli 20, mara mbili ya unene wa kibao. Macho yalikuwa yakiniambia kwamba mpira unateleza, kumbe ndani ya programu ulikuwa unaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, na katikati hapakuwa na kitu. Niligawanya kila mruko katika vipande vya pikseli 5, nikakagua mgongano baada ya kila kipande, na tatizo likaisha.

Tangu hapo sibadilishi mstari wowote kabla sijaona namba. (Chapisha tu pale kitu kinapokaribia eneo la tatizo, la sivyo mistari 60 kwa sekunde itakufunika.) Kosa langu lililofuata, la kumsogeza mchezaji pikseli 5 kwa fremu bila kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, lilinigharimu alama kwa sababu kompyuta ya mhadhiri ilikwenda kwa fremu 144 kwa sekunde na mchezaji wangu akakimbia kama mwendawazimu, lakini kulipata kulinichukua dakika kumi tu.

Kuhusu video, sikukatazi kuzitazama. Ila ukimaliza, ifunge, kisha uandike upya ukiwa na karatasi na kalamu, ukianza na mraba mmoja unaosogea. Utaumia, na ni afadhali uumie hapo kuliko usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Sasa adui wako. Chapisha umbali uliobaki kati yake na mchezaji, pamoja na urefu wa hatua yake kwa fremu. Nina hakika utaona kwamba akibakiza, tuseme, pikseli 2 huku hatua yake ikiwa 5, anampita mchezaji, fremu inayofuata anageuka, anampita tena, na huko ndiko kutetemeka unakokuona. Umbali ukiwa mdogo kuliko hatua, mweke moja kwa moja pale alipo mchezaji. Kama ataendelea kutetemeka, leta hapa namba zenyewe tuzitazame.