Mtoto wa mbwa analia usiku kucha ndani ya kizimba: nifanye nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi ghorofa ya tatu, Kinondoni, Dar es Salaam. Siku tano zilizopita tulileta nyumbani mtoto wa mbwa wa kike mwenye umri wa wiki tisa, tukamnunulia kizimba cha waya na kukiweka jikoni ili azoee kulala humo na asichafue nyumba. Mlango ukifungwa tu, analia, anabweka na kukwaruza waya hadi saa tisa usiku, na majirani wamekwisha kulalamika. Mume wangu anasema tumwache alie mpaka achoke. Mdogo wangu anasema kizimba ni ukatili, tukirudishe dukani. Mimi huwa kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba, dada. Pole kwa kukosa usingizi, na nakushukuru kwa kueleza umri wa mbwa na mahali kizimba kilipo, kwa sababu mambo hayo mawili yanaeleza sehemu kubwa ya kilio hicho.

Hadi wiki iliyopita mbwa wako alikuwa akilala amebanana na mama yake na ndugu zake, akisikia pumzi zao na joto lao. Katika umri huo sauti ndiyo kinga pekee aliyonayo, kwani mtoto wa mbwa aliyeachwa peke yake huita ili mama arudi, na asiporudi huita kwa nguvu zaidi. Ninyi, bila kukusudia, mlimpa mambo matatu mageni katika usiku mmoja: nyumba asiyoijua, upweke, na mlango uliofungwa. Analia kwa upweke, lakini kizimba ndicho kinacholaumiwa.

Kwa hiyo usiku wa leo kitoeni kizimba jikoni na mkiweke chumbani, ubavuni mwa kitanda, karibu kiasi kwamba ukishusha mkono vidole vyako vinagusa waya. Tandika humo khanga kuukuu uliyoivaa mchana kutwa bila kuifua. Kama mliyemnunua kwake anaweza kuwapa kitambaa alicholalia mama yake, ni bora zaidi. Akianza kunung'unika, teremsha mkono, mwache anuse vidole, kisha nyamaza. Mara nyingi utasikia akizunguka mara mbili tatu, akijitupa chini na kushusha pumzi ndefu. Akishalala vizuri siku nne au tano mfululizo, anzeni kukisogeza kizimba hatua moja moja kuelekea mahali mnapotaka kikae. Wengi huona kwamba kumleta chumbani ni kumdekeza. Mimi naona ni kumpa muda wa kuizoea nyumba kabla ya kumdai aizoee peke yake.

Hata hivyo, si kila kilio ni cha upweke. Kuna kilio cha haja, na hicho hakingoji. Kwa makadirio tunayoyatumia, mtoto wa mbwa anaweza kuzuia mkojo mchana kwa saa zinazolingana na miezi ya umri wake ukiongeza moja, yaani wako ni kama saa tatu. Usiku akiwa amelala anaweza kuvuka hapo kidogo. Tega saa ya simu ikuamshe kabla hajaanza kulia, kwa mfano saa saba usiku na tena saa kumi alfajiri. Mbebe mikononi, usimwache ashuke ngazi mwenyewe, maana atakojoa kwenye ngazi. Kwa kuwa bado hajamaliza chanjo, usimpeleke kwenye nyasi za uani zinazopitiwa na mbwa wengine, kwani virusi vya parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa. Trei pana yenye mchanga, ikiwekwa roshani, inatosha kwa sasa. Usiwashe taa kubwa, usicheze naye, usiongee naye zaidi ya neno moja la pongezi akimaliza, kisha mrudishe ndani, ili ajue kwamba safari ya usiku ni ya haja tu.

Sasa nimjibu shemeji. Kumwacha alie mpaka achoke kuna hasara mbili. Kwanza, mtoto wa mbwa mwenye hofu akinyamaza baada ya saa tatu huenda amenyamaza kwa kuishiwa nguvu tu, na kesho yake ataanza kulia akikiona kizimba kabla hata hujamwingiza. Pili, ni vigumu mno kwa familia yenye majirani kuvumilia hadi mwisho; siku mtakaposhindwa na kumfungulia akiwa katikati ya makelele, mtakuwa mmemfundisha kwamba kulia kwa saa moja kunalipa. Kupiga kizimba kwa kandambili au kumfokea msijaribu kabisa.

Mazoezi yenyewe yafanyike mchana, wakati hakuna anayetafuta usingizi. Kwa siku mbili tatu za kwanza msifunge mlango hata mara moja. Mpeni milo yake yote ndani ya kizimba, bakuli likiwa nyuma kabisa, na mara kwa mara tupieni humo kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kitunguu wala mfupa, bila kumwita wala kumsukuma. Akianza kuingia mwenyewe kukagua kama kuna kitu, funga mlango akiwa anakula, hesabu hadi tano, fungua kabla hajamaliza. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanangoja amalize kula, agundue amefungwa, alie, ndipo wafungue. Nilipata kuletewa mtoto wa mbwa ambaye pua yake ilikuwa imechubuka hadi nyama kwa kusugua waya, na nilipoketi sakafuni na mwenye mbwa tukarudia zoezi, nikaona mkono wake unakwenda kwenye komeo kila mbwa anapofungua kinywa kulia. Tulibadili jambo hilo moja tu: mlango ukafunguliwa katika ukimya, hata ukimya wa sekunde mbili. Ongezeni muda taratibu, sekunde kumi, ishirini, kisha mrudi kumi, halafu dakika moja, na baadaye uondoke chumbani na kurudi. Akilia, mmeruka hatua, rudini nyuma.

Kuhusu saa zako za kazi, niseme wazi: mbwa wa wiki tisa hawezi kufungiwa kizimbani kwa saa nane. Atajichafua, na akishazoea kulala kwenye mkojo wake, kumfundisha usafi kutakuwa kazi ngumu mno. Tafuta mtu wa kumtoa, kumlisha na kucheza naye angalau mara mbili mchana. Pengine mdogo wako, kwa kuwa anamhurumia. Asipopatikana, zungushieni kona ya jikoni uzio mdogo, wekeni kizimba humo kikiwa wazi, maji upande mmoja na trei ya mchanga upande wa pili.

Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kwa joto la Dar es Salaam msikifunike pande zote. Mvueni ukosi kabla ya kumwingiza, kwani unaweza kunasa kwenye waya ukamnyonga.

Kabla ya yote haya, mtazameni tumbo. Likiwa limevimba, au akiharisha, kutapika, au kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kilio hicho ni cha maumivu na mazoezi hayatasaidia. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya minyoo katika umri huu hutolewa kila baada ya wiki mbili, na wengi hufika kwao wakiwa hawajaipata.

Majirani waendee wewe mwenyewe, uwaeleze kwamba unamfundisha na uwaombe wiki mbili. Kwa uzoefu wangu watoto wengi wa mbwa hutulia ndani ya muda huo. Wako akiwa bado anatoa udenda, anang'ata waya au anajiumiza baada ya wiki hizo, wekeni simu irekodi nusu saa ya kwanza baada ya kumfunga, kisha mleteni kliniki pamoja na video hiyo, nione anaanzia wapi.