Mjukuu Wangu Amebadilika Tabia: Nimpeleke kwa Nani?

SWALI: Mshauri, salaam. Ninaishi Korogwe na ninamlea mjukuu wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 9, ambaye mama yake yuko Oman kwa kazi za ndani, huu mwaka wa tatu. Alikuwa mpole, lakini siku hizi anapiga wenzake shuleni, anachana madaftari, na juzi, baada ya kuzungumza na mama yake kwa simu, alivunja kioo cha kabati la vyombo. Mjomba wake anamchapa bila mafanikio, na majirani wanasema ana shetani. Nikimpeleka hospitali, hawatamwandika kichaa? – Bibi mwenye wasiwasi

JIBU: Shikamoo, Bibi. Ondoa hofu hiyo: kuonana na mtaalamu hakumfanyi mtoto kuwa kichaa, na umefanya vyema kuuliza mapema.

Anzia hospitali ya wilaya. Mwombe daktari ampime masikio na macho, na umweleze kama mtoto amewahi kupata degedege au kuumia kichwa, kwa sababu asiyesikia vizuri darasani huonekana mkaidi, na ipo aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki bali huduwaa kwa sekunde chache, mwalimu akadhani anapuuzwa. Asipokutwa na ugonjwa wa mwili, omba rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, aonane na wataalamu wa afya ya akili. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ni mtu wa kumwendea, na simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Lakini kuna jambo umeligusia kwa kupita tu, nami ninaliona zito: kabati lilivunjwa baada ya simu ya mama. Tafuta daftari, uandike kila anapochafukwa ni siku gani, saa ngapi, nini kilitangulia, na alitulizwaje. Huenda ukaona kwamba hasira hufuata simu zile, au hufuata ahadi ya kurudi iliyoahirishwa tena. Huenda pia ukaona ni jambo jingine kabisa, mathalani mtu anayemwonea njiani. Daftari hilo litamsaidia mtaalamu kuliko maneno ya jumla kwamba mtoto ni mtundu. Mama yake pia ahusishwe, asiahidi tarehe asiyokuwa na hakika nayo.

Dua msimnyime, ila zisichukue nafasi ya hospitali. Fimbo iwekwe kando kabisa, kwani mtoto anayepigwa nyumbani hujifunza kupiga shuleni. Akianza kujiumiza au kusema anataka kufa, usisubiri rufaa: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya safari, mweleze mjukuu wako waziwazi kwamba mnakwenda pamoja, utakaa naye muda wote na mtarudi pamoja nyumbani, maana mtoto aliyeachwa na mama aweza kudhani kwamba nawe unakwenda kumwacha.