Picha moja ya mgongo haitoshi kumtaja nzi mwindaji

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kila mtu anampa jina tofauti yule nzi uliyempiga picha mgongoni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Familia yake ni Asilidae, yaani nzi wawindaji, hilo halina ubishi: ana bonde kati ya macho, ndevu ngumu usoni, na amemchoma mbawakavu kwa mdomo. Lakini familia hiyo ina spishi zaidi ya 7,000, na picha ya mgongoni imeficha karibu kila kinachozitenganisha.

Ukimwona tena, nyemelea taratibu, kivuli chako kisimwangukie. Akiruka, ngoja, mara nyingi hurudi palepale. Mpige picha ubavuni, usoni, kisha bawa likiwa limetulia. Tazama kile chumba kirefu, yaani nafasi kati ya vishipa, cha ukingo wa mbele wa bawa, karibu na ncha: vishipa vyake vimekutana kabla ya ukingo, au kimeachwa wazi? Kwa hilo tu makundi mengi huondolewa kwenye orodha. Vipapasio, vile vipembe vya kichwani, vionekane hadi ncha. Akishaondoka, weka rula alipotua, upige tena kutoka umbali uleule. Rangi usiiamini sana, jua la saa sita huifuta.

Ncha ya tumbo ndiyo muhimu kuliko yote. Spishi nyingi hutengwa kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume vilivyo hapo, tena chini ya darubini, na kamera haifiki huko. Kwa hiyo ukipewa jina la jenasi peke yake, yaani la kundi la spishi zinazokaribiana, lipokee. Jina la spishi lililokisiwa huharibu kumbukumbu za msitu wetu. Na usimkamate bila kibali.